Waya Niliyoifunga kwa Tepu

Mueni,

Asubuhi uliniambia nina roho mbaya. Ulisema mama za wenzako hulia kwa furaha mtoto akipata kazi, na mimi tangu wiki jana nanuna kama mtu aliyeibiwa. Kisha ukachukua mkoba ukaenda kusukwa nywele, ukaniacha nimeshika mwiko. Nilitaka kukurushia. Nasema ukweli, na barua hii yote nitajaribu kusema ukweli, kwa hivyo uizoee mapema.

Sasa ni saa nane mchana. Zile rasta ndogo ndogo ulizotaka hazitaisha kabla ya jioni. Kesho asubuhi unaondoka hapa Kawangware kwenda Lodwar kufunga waya za malori. Mambo ya kuchemsha maji na kutundika neti sitaandika. Una miaka ishirini, mbu akikuuma utajua. Nina jambo moja tu, na nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unacheka, nikakosa mahali pa kuingilia. Mara ya pili nilianza kukufokea juu ya viatu. Mara ya tatu nilikuita, ukaja ukasimama mbele yangu, nikakutuma chumvi. Chumvi ilikuwa imejaa kopo.

Ni juu ya Anko Wafula na mkono wake.

Wewe unajua Wafula ndiye aliyenifundisha kazi. Hujui ilianzaje. Babako alipotuacha nilikuwa nauza githeri kwa mafundi wa gereji pale chini, na wewe mgongoni. Siku moja redio ya Wafula ilinyamaza, nikaweka sufuria chini, nikaifungua kwa kisu cha kukatia sukuma wiki, nikaunganisha waya iliyokuwa imeng'oka. Akaniangalia. Akasema, "Mama Mueni, kesho uje na githeri mapema, ukimaliza kuuza ukae hapa." Hakuniitisha shilingi. Mafundi wengine walicheka, wakauliza tangu lini mwanamke akalala chini ya lori. Wafula akawaambia watu wa kulala chini ya lori wako wengi, yeye anatafuta mtu wa kufikiri. Kila siku alikuwa anatembea kwa miguu kutoka kwake Soweto East, kule Kibera, mpaka hapa, na kila siku aliniongezea kitu kimoja kichwani.

Kitu alichokipigia kelele kuliko vyote ni ile mirija ya plastiki inayonywea. Wewe umeishika tangu utotoni, unaijua: unakata kipande, unakivisha waya, unaunganisha, unakirudisha juu ya kiungo, unakipasha moto kinajibana. Ile mizuri ina gundi ndani. Gundi inayeyuka, inaziba kila mwanya, na hapo maji hayaingii, vumbi haliingii, dizeli haiingii, hata injini itetemeke namna gani. Tepu ni ya nyumbani, alikuwa akisema, ni ya ukutani mahali pa baridi. Ukiiweka karibu na injini, gundi yake inakuwa kama ugali wa maji, inateleza, na siku moja waya inabaki uchi. Na unajua pia ugumu wake uko wapi. Mrija lazima uuvishe kabla ya kuunganisha. Ukisahau ukamaliza kuunganisha, hakuna pa kuupitishia tena. Inabidi ukate kiungo kizuri ulichokitengeneza, uanze upya.

Nilisahau, Mueni.

Ilikuwa Desemba, kabla ya kura. Unakumbuka vile gereji ilivyojaa, kila mwenye gari anataka spika juu na taa mbele, anakimbilia mkutano. Kulikuwa na yule mfanyabiashara wa mawe ya kujengea, tuliyekuwa tunamwita Mwenyekiti, na pikapu yake ya dizeli. Panya walikuwa wamekula waya zake. Siku hiyo Wafula alikuwa ameenda mjini kutafuta balbu, nikaifanya kazi peke yangu, na niliifanya vizuri. Niliunganisha waya kumi na kitu, zote na mirija. Ilibaki moja, ile inayopeleka moto wa betri kwenye pampu ya dizeli. Hiyo ikikatika, injini inazima hapo hapo ilipo. Inapita karibu sana na bomba la moshi, mahali pa joto kuliko pote.

Nikaunganisha. Nikayeyusha risasi ya kuunganishia, ikang'aa vizuri. Halafu nikaona mrija wangu uko kwenye paja, bado haujavishwa.

Mwenyekiti alikuwa kwenye usukani anapiga honi. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, nikate hii nirudie." Akatoa kichwa. "Mama, kura haitaningoja. Weka tepu. Nani atafungua boneti kuangalia?"

Nilimkasirikia. Mpaka leo namkasirikia, na nikimwona barabarani bado natema mate chini. Lakini yeye hakushika tepu. Mimi ndiye niliyeishika. Nilizungusha mara nne, nikabana na kidole, nikafunga boneti, akaenda zake akipeperusha bendera.

Wafula aliporudi aliuliza kama anavyouliza siku zote. "Ile ya pampu, umeiweka mrija?"

"Nimeweka."

"Wa gundi?"

"Wa gundi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimejiuliza miezi hii yote. Angenigombeza kidogo, angecheka, tungemwita Mwenyekiti arudi kesho yake. Ilikuwa aibu ya dakika mbili. Niliogopa aibu ya dakika mbili mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuniaibisha.

Halafu kura ikapigwa, matokeo yakasomwa, na wewe ulikuwa hapa, uliona. Uliona moshi upande wa Kibera. Uliona jirani zetu wa miaka tisa wakihesabu majina ya watu kwa midomo, huyu kabila gani, yule kabila gani. Uliona yule mama tuliyekuwa tukiombana naye kiberiti akiniuliza Wakamba tuko upande gani, kana kwamba mimi nilikuwa nimekaa mahali fulani nikachagua. Sitakueleza hayo. Nikianza kuyaeleza nitavunja kitu.

Siku ya nne Wafula alinipigia simu. Alisema ploti ya pili kutoka kwao imechomwa, na watu wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kitambulisho. Nikamwambia alete familia kwangu, tutalala mzungu wa nne. Akasema mkewe, Mama Nekesa, mguu umevimba, hawezi kutembea, na watoto ni watatu, na kuna mzee jirani yao, mwalimu aliyestaafu, hawezi kumwacha. "Hakuna gari linaingia huku," akasema. "Si umuulize Mwenyekiti?"

Nikamuuliza Mwenyekiti. Nilienda mwenyewe mpaka kwake, nikagonga geti, nikasimama hapo mpaka akatoka. Unaona ninavyomchukia, basi ujue na hili: alinipa funguo bila maneno mengi. Alisema hatakwenda yeye, ana watoto, lakini gari nichukue. Kijana wake mkubwa akajitolea kulipeleka kwa njia za nyuma mpaka ukingoni mwa Kibera, Wafula akalipokea hapo, akarudi nalo kuwachukua watu wake.

Nataka usome sehemu hii polepole. Nilipokuwa nimeshika zile funguo, nilikumbuka. Sikusahau mara ya pili. Niliona ile tepu kichwani mwangu kama ninavyoona kalamu hii. Nikajiambia safari ni fupi, ni kilomita chache, imetembea wiki mbili haijazima, itazima leo kwa nini? Kukata na kuvisha mrija kungenichukua robo saa. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini nafungua boneti. Nikampa yule kijana funguo.

Mengine nilielezwa na Mama Nekesa, si siku hiyo, siku chache baadaye, kabla hajajua kosa ni la nani. Walipita sehemu kubwa ya Kibera salama. Walipofika mtaa wa Olympic, barabara ilikuwa na matairi yanayowaka, Wafula akapunguza mwendo ili azunguke, na gari likazima. Hivyo tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akajaribu ufunguo, wapi. Akashuka, akafungua boneti. Mama Nekesa anasema aliinama, akasema neno moja tu: "Tepu."

Ilikuwa imeteleza yote. Kiungo kilikuwa uchi, kimeegemea chuma, na fyuzi imeungua. Wafula alibadilisha fyuzi. Mrija hakuwa nao, laita hakuwa nayo. Akachukua karatasi ya nailoni ya mkate wa watoto, akaizungusha kwenye waya, akaifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye sweta. Bado mkono wake ulikuwa ndani ya injini walipotokea vijana kwenye moshi. Walikuwa saba au wanane. Walimuuliza jina. Hata leo hajui lile jina alilosema lilikuwa zuri au baya kwao, kwa sababu hawakungoja amalize. Aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Panga likachukua vidole vitatu.

Angeweza kukimbia, Mueni. Alikuwa na miguu mizima. Lakini nyuma ya pikapu kulikuwa na watoto watatu, mke na mwalimu mzee, akasimama pale pale kati yao na yale mapanga. Kilichowaokoa ni akina mama wa Olympic waliotoka kwenye mageti yao na masufuria, wakipiga mayowe, mpaka wale vijana wakarudi nyuma. Wafula akapanda akawasha gari. Likawaka. Ile nailoni ya mkate ilishika. Aliendesha kwa kiwiko mpaka Ngong Road, mkono umefungwa leso ya mkewe, na hapo mwalimu akashika usukani mpaka hospitalini.

Kesho yake kijana wa Mwenyekiti alirudisha pikapu gereji. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikafungua boneti. Niliona tepu yangu inaning'inia, na pembeni yake ile nailoni, na fundo dogo safi la uzi wa sweta. Fundo la mtu mwenye vidole kumi.

Unajua nilifanya nini? Nilikata ile sehemu yote. Nikavisha mrija wa gundi, nikaunganisha, nikapasha moto, nikaitupa tepu ndani ya choo cha gereji. Nilifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya kama mwizi anayefuta alama za miguu.

Mwenyekiti alipokuja kuona damu kwenye kiti, alitikisa kichwa akasema, "Ni hawa wanasiasa." Nikasema, "Ni hao." Wewe ulipolia ukauliza nani aliyemfanyia Anko hivi, nilisema ni siasa. Kanisani niliposimama kuomba maombi kwa ajili yake, nilisema siasa. Na ni kweli! Hilo ndilo linanifanya nitake kupasua meza hii. Ni kweli. Wale walioshika panga wanajijua, na wale waliowachochea wanajijua, na wakubwa wao juzi tumewaona kwenye televisheni wakishikana mikono na kutabasamu, na hakuna aliyepoteza hata ukucha. Nitawakasirikia mpaka nizikwe. Lakini nimegundua hasira yangu kwao ilikuwa inanifaa. Ilikuwa kubwa, ilikuwa halali, na ndani yake nilipata mahali pa kujificha. Mji mzima ulikuwa unaungua; nani angeuliza juu ya waya moja?

Wafula aliuliza. Nilienda kumwona hospitalini wiki ya pili, na machungwa kwenye mfuko. Alikuwa ameketi kitandani. Hakuuliza juu ya wale vijana. Alisubiri mkewe atoke kuchota maji, akaniangalia.

"Ungeniambia ni tepu, ningeenda na mrija mfukoni. Kwa nini ulisema umeweka?"

Nilisema, "Fundi, nisamehe."

"Sikukuuliza hilo," akasema. "Nimekuuliza kwa nini."

Mama Nekesa akarudi, akaona nyuso zetu, akajua yeye pia. Alinipa machungwa yangu mkononi akanionyesha mlango. Tangu siku hiyo sijaingia nyumbani kwao. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini nakutuma wewe na unga na sukari, kwa nini siendi mwenyewe. Nilikuambia mgongo unauma.

Halafu wiki jana ukaja mbio kutoka kwao, ukaruka mlangoni. "Mathe! Anko amenipatia kazi Lodwar! Gereji ya malori ya kubeba maji na chakula!" Ulinikumbatia, na mimi nikakusukuma. Uliona uso wangu ukafikiri ni wivu, kwamba sitaki mtoto wangu aende mbali akawe fundi kunishinda. Mueni, ile kazi ilikuwa ya Wafula. Walikuwa wamemwita kabla ya kura, aende Januari awe mkubwa wa mafundi wa waya wote kule. Alikuwa ameshamwambia mkewe wataondoka Kibera, watajenga kwao. Ukanikumbatia ukiwa na furaha ya kitu nilichomnyang'anya. Nifanye uso gani?

Siku ile ile jioni nilimfuata. Nilimkuta nje ya kile chumba walichopanga huku kwetu, anajifunza kushika koleo kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza, kwa sauti ya juu, kwa sababu mimi nikiwa na makosa ndipo nakuwa mkali zaidi, hilo umelirithi ujichunge nalo: "Kwa nini unampa mtoto wangu kazi? Unataka kunionyesha nini?"

"Sikufanya kwa ajili yako," akasema. Hakuinua macho. "Waliniuliza nani anajua kazi. Msichana anajua kazi."

Nikageuka niondoke.

"Lakini umwambie," akasema. "Asipande basi akidhani mkono wangu ulichukuliwa na watu wa barabarani peke yao. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na kwangu itasikika vibaya zaidi."

Basi nimekuambia.

Nimekaa hapa na karatasi hizi nikijaribu kutafuta la kukushauri, na kila ninaloandika nalichukia. Nani anachukua ushauri kwa mtu kama mimi? Lakini nitakuambia nilichokiona, ufanye nacho utakavyo. Kule unakoenda kuna joto la kukausha mate mdomoni, na mchanga, na barabara za mawe. Lori likizima katikati ya nyika, na maji ya watu mgongoni, dereva hatajua jina lako. Utaunganisha waya siku moja umechoka, mwenye lori anapiga kelele, na utaona mrija uko kwenye paja. Hiyo itakuja, usifikiri wewe ni tofauti. Kata. Acha wapige kelele, acha wakuite mwanamke asiyejua kazi, wewe kata uanze tena. Na ukishindwa, ukiweka tepu kwa sababu yoyote, basi mtu akikuuliza sema ni tepu. Tepu iliyosemwa inarekebishwa kesho yake. Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, Mueni. Ni neno "nimeweka" ndilo lililokata vidole.

Usije ukaniambia nisijilaumu, kwamba panga halikuwa langu. Najua halikuwa langu. Wenye panga wana sehemu yao, siwaachilii. Sehemu yangu ni hii ndogo, ya kadiri ya kidole, na sitaki mtu anipunguzie.

Jana nilienda kwa Mwenyekiti, nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Alisema yaliyopita yamepita, Kenya isonge mbele. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki kwenye barua ya mtoto. Kisha nikarudi gereji, nikawaita wenye magari yote niliyoyafanyia kazi Novemba na Desemba. Sikumbuki kama kuna waya nyingine niliyofunga kwa tepu, na kutokumbuka ndiko kunakonitisha. Nitafungua boneti moja moja. Wengine wameanza kusema Mama Mueni kazi yake haiaminiki. Wana haki.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi Wafula atakuja kukupeleka steji. Alitaka iwe yeye. Mimi nitakuaga hapa ndani, kwa sababu akifika hataki kunisalimu na mimi simlazimishi. Mkiwa njiani utataka kumwambia kitu juu yangu. Nakujua, una huruma ya haraka. Usimwombe anisamehe. Usimwambie nimebadilika, ama silali, ama nimelia. Msikilize akizungumza juu ya kazi, ubebe mzigo mzito wewe, na ukifika Lodwar umpigie yeye kwanza kabla yangu.

Giza linaingia, nasikia wasichana wakicheka huko nje, labda ni wewe unarudi na wenzako. Naacha barua hii juu ya begi lako, naenda kukaa kwenye ngazi. Ukimaliza kusoma, toka nje. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunipigia kelele, piga kwa sauti ambayo ploti nzima itasikia, na wakiuliza kuna nini, nitawaambia mwenyewe.

Mamako,
Kalekye